Mahindi yanageuka unga ndani ya magunia: naomba ushauri kabla ya mavuno yajayo

MkulimaKilosa

Habari zenu wakulima wenzangu, na shikamooni wazee mlioko humu.

Ninalima mahindi ekari tatu wilayani Kilosa, na msimu uliopita Mungu alinijalia nikavuna vizuri kuliko miaka yote tangu nilipoachiwa shamba hili na marehemu baba. Nilivuna mwishoni mwa Juni. Mahindi ya kiasi cha magunia kumi niliyapandisha darini juu ya jiko yakiwa na maganda yake, kama alivyofanya baba siku zote, na yaliyobaki, magunia kumi na sita, niliyapukuchua nikayatia kwenye mifuko ya salfeti na kuyapanga chumbani, nikitarajia kuyauza Januari au Februari, wakati ambapo akiba za watu wengi zimekwisha na bei imepanda.

Mwanzoni mwa Oktoba mke wangu alishusha mahindi ya kusaga akaniita nione. Kwa nje gunzi lilikuwa zima na maganda hayakuwa na dalili yoyote, lakini nilipolimenya punje zilivunjika mkononi na unga mweupe ukamwagika miguuni. Kwenye magunia hali ilikuwa afadhali kidogo, ingawa ukiyapiga kofi vumbi linatoka na wadudu wadogo weusi wanaonekana kwenye mishono. Nilikwenda duka moja la pembejeo nikauziwa dawa ya unga kwenye mfuko usio na maandishi ya kueleweka, nikainyunyiza juu ya magunia na katikati ya mistari. Baada ya wiki tatu wadudu walikuwa hai, tena wengi zaidi. Ya darini tumetupa karibu yote, na katika yale kumi na sita yamebaki sita ambayo bado yanaitwa mahindi.

Ninaomba kujua mambo matatu. Huyu ni mdudu gani, na kwa nini baba alihifadhi kwa njia hiyo hiyo miaka mingi bila kupata hasara ya namna hii? Dawa ilishindwa kwa sababu gani? Na msimu ujao nifanye nini, kwa kuwa siwezi kuvumilia tena kuuza mahindi yote Julai kwa bei ya kutupa kwa kuogopa wadudu, halafu Februari ninunue kwa bei mara mbili mahindi ya kulisha watoto?

BwanaShambaMstaafu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hasara hiyo.

Kwa dalili ulizozieleza, huyo ni dumuzi, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Usimchanganye na fukusi, ingawa wote wawili wanaweza kuwa ndani ya gunia moja. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mithili ya mkonga mdogo, hutoboa tundu la mviringo kwenye punje na huacha vumbi kidogo tu. Dumuzi ana mwili wa mviringo mrefu kama kipande cha kijiti, kichwa chake kimejificha chini ya mabega kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni, na sehemu yake ya nyuma inaonekana kama imekatwa kwa kisu. Urefu wake ni milimita tatu hadi nne na nusu. Alama yake kubwa ni unga, kwa sababu yeye huchimba zaidi ya anavyokula.

Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa Afrika alitambuliwa kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwaka 1981, wakati mimi nilikuwa kijana ndiyo kwanza nimeajiriwa kwenye ugani huko. Wananchi walikuwa wamekwisha kumwona kabla ya sisi maofisa kumfahamu, na baadhi yao walimwita Scania, jina la malori makubwa. Nakumbuka kuingia kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye kihenge chake kilikuwa kimejaa hadi juu kwa macho, lakini alipoingiza mkono ulizama hadi kwenye bega, kwa kuwa ndani mlikuwa na magunzi matupu na unga. Fukusi tuliyemzoea alikuwa akila sehemu ndogo ya akiba kwa msimu mzima na watu walimvumilia, ilhali vipimo vilivyofanyika kule vilionyesha kwamba dumuzi aliweza kumaliza hadi theluthi ya uzito wa mahindi katika miezi michache.

Sasa nije kwenye swali lako la baba. Njia ya kuweka mahindi darini na maganda yake ilikuwa nzuri dhidi ya fukusi, kwa sababu mahindi ya kienyeji yalikuwa na maganda marefu yanayofunga ncha ya gunzi na punje ngumu, na moshi wa jiko uliyakausha na kuwasumbua wadudu. Mbegu nyingi za kisasa zinazaa sana, lakini maganda yake hayafuniki ncha vizuri na punje zake ni laini zaidi. Jambo la pili ni zito kuliko hilo: dumuzi hupenda gunzi. Ili atoboe anahitaji kitu kisichotikisika, na punje iliyo kwenye gunzi imeshikwa imara kama msumari kwenye ubao, ilhali punje iliyopukuchuliwa huteleza na kuzunguka anapoisukuma. Ndiyo maana magunia yako yaliumia pole pole kuliko ya darini. Tena dumuzi hana idadi ya kudumu. Mwaka mmoja anafurika, mwaka mwingine humwoni kabisa, kwa hiyo inawezekana marehemu alipita katika miaka ambayo mdudu hakuingia nyumbani kwake.

Kuhusu dawa, kuna makosa mawili. La kwanza ni la muda na namna ya kuitia. Wadudu hawa huanza kuingia mahindi yakiwa bado shambani yanakauka, na mayai na mabuu hukaa ndani ya punje yenyewe. Katika joto la kwetu kizazi kimoja hukamilika katika takriban mwezi mmoja, hivyo toka Juni hadi Oktoba ulikuwa na vizazi vitatu au vinne, kila kimoja kikizidisha kilichotangulia. Vumbi lililonyunyizwa juu ya gunia haligusi mdudu aliye katikati. Dawa ya unga huchanganywa na punje zote, siku unayohifadhi, juu ya turubai, kwa koleo, mpaka kila punje ionekane imepata vumbi.

La pili ni aina ya dawa. Zile za jamii ya fosfati zinazomuua fukusi kwa urahisi hazimwezi dumuzi, na zile za jamii ya pareto zinazomweza dumuzi ni dhaifu kwa fukusi. Kwa sababu hiyo miaka ya 1980 ilitolewa dawa yenye vyote viwili, pirimifosi-methili na permethrini, ambayo wakulima wengi wanaifahamu kama Actellic Super, kwa kipimo cha gramu 100 kwa gunia. Siku hizi zipo nyingine zenye mchanganyiko tofauti na kipimo tofauti, kwa hiyo fuata lebo na si mazoea, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kula. Usinunue kabisa dawa isiyo na lebo, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa ya shambani nayo isiguse chakula kamwe.

Nina swali moja kwako. Je, hapo darini au chumbani unahifadhi pia makopa ya muhogo?

MamaNafakaBabati

Kaka wa Kilosa, pole. Mzee ameeleza vizuri kuhusu dawa, nami nitaeleza njia ninayoitumia kwa msimu wa nne sasa bila kuweka dawa yoyote, yaani mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengine huiita mifuko ya PICS na wengine mifuko ya kinga njaa. Ilianza kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wakulima wa kunde wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye ikaonekana kwamba kwenye mahindi nako inafaa.

Mfuko una tabaka tatu, mbili za ndani za plastiki nzito na moja la nje la salfeti la kubeba uzito. Siri yake ni kwamba wadudu waliomo ndani wanavuta oksijeni iliyomo mpaka inapungua sana, na kwa kuwa mdudu wa nafaka hanywi maji bali mwili wake huyatengeneza kwa msaada wa oksijeni hiyo, anaacha kula, anaacha kuzaa, na mwishowe anakauka. Kwa hiyo usishangae ukifungua mfuko baada ya miezi sita ukakuta wadudu wachache waliokufa juu. Hao ndio waliokufungia mlango.

Wanaosema mifuko hii haifai, nikiwauliza walivyofanya nakuta karibu wote walikosea kwenye ukavu. Mahindi mabichi ukiyafungia ndani ya plastiki yanavunda na kuota kuvu, na hapo unakuwa umebadilisha hasara ya wadudu kwa hatari kubwa zaidi. Unyevu unatakiwa uwe asilimia 13 au chini kidogo. Ukiweza, peleka sampuli kwenye ghala au chama cha ushirika chenye kipima unyevu. Usipoweza, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi iliyokaushwa vizuri juani, ongeza punje mara mbili au tatu ya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa asilimia 15 au zaidi, yarudishe juani. Isipoganda, mimi bado huyaanika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kipimo cha chumvi hakiwezi kukuonyesha tofauti kati ya 14 na 13. Anika juu ya turubai na si juu ya udongo, tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, na uyaingize ndani kabla ya umande wa jioni.

Wakati wa kujaza, kagua plastiki zote mbili kwa kuzipuliza hewa na kusikiliza kama inavuja. Pepeta mahindi kwanza, kwa kuwa kipande kimoja cha gunzi chenye ncha kinatosha kutoboa. Jaza plastiki ya ndani huku ukiitikisa ili punje zikae, acha shingo ya urefu wa kiganja na nusu, kamua hewa, nyonga, kunja na ufunge kwa mpira au kamba ngumu. Kisha funga ya pili vivyo hivyo, na mwisho mfuko wa nje. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na upambane na panya, kwa maana tundu moja la panya linaharibu kila kitu. Usiburute mfuko sakafuni.

Kosa la mwisho, ambalo mimi mwenyewe nililifanya mwaka wa kwanza, ni kufungua fungua. Nilikuwa nachota debe moja kila wiki kutoka mfuko ule ule, hewa ikawa inaingia kila mara, na mahindi yale yakatobolewa kama yaliyokuwa kwenye salfeti. Sasa natenga gunia moja la kula, likiisha ndipo nafungua jingine. Mifuko yangu niliinunua kwa shilingi 5,000 kila mmoja, na kwa kuwa nimeitumia misimu mitatu kabla ya kuibadilisha, gharama yake kwa gunia kwa msimu haifiki shilingi 2,000.

MkulimaKilosa

Nawashukuru sana. Mzee, swali lako limenishtua, kwa sababu ni kweli: makopa ya mama yalikuwa kwenye dari ile ile, kwenye kona, tangu mwaka juzi. Nimepanda jana kuyaangalia nikakuta yametobolewa yote, na hata boriti mbili za dari zina matundu yanayotoa unga. Sikuwahi kufikiri kwamba muhogo mkavu na mahindi vina adui mmoja.

Dada wa Babati, nimekuelewa kuhusu mifuko, na nimeanza kupiga hesabu. Nimebaki na magunia yale sita. Jirani yangu ana vidonge vya kufukizia ambavyo anasema ukitia viwili katika kila gunia wadudu wote hufa kwa siku tatu. Chumba yalimo mahindi kimetenganishwa na chumba cha watoto kwa ukuta wa udongo. Je, nivitumie?

MtunzaGhala_Makambako

Ndugu yangu, usivitumie. Nimefanya kazi ya ghala kwa miaka mingi na ninakuandikia bila kupunguza neno. Vidonge hivyo ni fosfidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inamuua binadamu kama inavyomuua mdudu. Inapita kwenye nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mlango na juu ya dari, na haina dawa ya kuipoza mtu akishaivuta. Sisi tunapofukiza, tunafunika shehena yote kwa turubai maalumu lisilopitisha gesi, tunakandamiza kingo zake kwa mifuko mirefu ya mchanga, tunaweka alama za hatari, ghala linafungwa kwa siku kadhaa, na anayefungua ni fundi mwenye mafunzo, kifaa cha kujikinga na kipimo cha gesi. Nyumba wanamolala watoto haiwezi kufikia masharti hayo hata ukijitahidi namna gani. Mwombe jirani yako naye aviondoe nyumbani kwake.

Hata ukiacha hatari hiyo, gunia la salfeti linavuja, gesi inatoka kabla ya kumfikia buu aliye ndani ya punje, na ikishatoka haiachi kinga yoyote. Wadudu wa kwenye boriti zako wangerudi wiki inayofuata.

Kwa magunia yale sita, yatoe nje ya nyumba, mbali na sehemu utakayohifadhi mavuno mapya. Yachekeche yote ili unga na wadudu waanguke, na vumbi hilo lichome au lifukie. Yaanike kwenye jua kali. Wadudu wakubwa watakimbia joto, lakini waliomo ndani ya punje watabaki, kwa hiyo jua pekee halitoshi. Baada ya hapo chambua. Punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa au zenye harufu ya uvundo, ziondoe zote. Mahindi yaliyobaki safi na makavu yatie kwenye mifuko ya namna aliyoieleza dada wa Babati siku hiyo hiyo, au yatumie na kuyauza mapema kwa mnunuzi ambaye umemwambia ukweli kuhusu hali yake.

Mkulima_Makueni

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu dumuzi alionekana kwanza Taveta mwaka 1983, na wengi wetu tunamwita Osama. Serikali ilijaribu pia kumletea adui wake wa asili, mdudu mdogo mweusi anayemla dumuzi, aliyeachiliwa hapa mwaka 1992. Anasaidia kupunguza idadi yao porini, lakini dumuzi akishaingia ghalani mwako huwezi kumtegemea huyo akuokolee magunia.

Nimesukumwa kuandika na hayo aliyoyasema ndugu wa Makambako kuhusu punje zilizoharibika. Tafadhali usizidharau. Mwaka 2004 huku Makueni na Kitui watu walikula mahindi yenye sumukuvu, wakaugua zaidi ya 300, na 125 wakafariki. Kwenu pia, mwaka 2016, ugonjwa huo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali wala kwa kusaga. Kuvu huingia kwa urahisi kwenye punje iliyotobolewa, na wadudu wengi wakikusanyika mahali pamoja wanaleta joto na unyevu unaoikuza. Punje zilizoota kuvu usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu inamdhuru mnyama na nyingine inarudi kwako kupitia maziwa.

Kwa jambo moja sikubaliani na dada wa Babati, au tuseme namwongezea. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi ambayo hutayagusa kwa miezi. Kwa gunia la kula linalofunguliwa kila siku mbili, mimi bado natumia dawa ya unga yenye lebo, kwa kipimo, nikisubiri muda ulioandikwa. Majivu ya mama zetu nayo yanafanya kazi, kwa sababu yanajaza nafasi kati ya punje na kumkwangua mdudu ngozi mpaka anakauka, lakini yanahitaji kiasi kikubwa sana, na kwa dumuzi hayatoshi peke yake.

MamaNafakaBabati

Kaka wa Makueni, nakubali kuhusu gunia la kula. Kwangu tuko watu tisa, gunia linaisha kabla dumuzi hajapata nafasi ya kuzaa mara ya pili, ndiyo maana sikuona haja ya dawa. Kwa nyumba ya watu watatu au wanne hesabu ni tofauti.

MkulimaKilosa

Vidonge sitavitumia, na nimekwenda kuzungumza na jirani. Mwaka huu nitavuna mara tu mahindi yatakapokauka bila kuyaacha shambani hadi Julai, nitapukuchua yote na kuanika juu ya turubai, na nimepanga kununua mifuko ishirini pamoja na kuomba kipima unyevu kwenye chama chetu cha ushirika. Mzee, limebaki la dari. Je, nikiondoa makopa na kufagia inatosha, au boriti zile mbili ni lazima nizitoe?

BwanaShambaMstaafu

Zitoe, mwanangu. Dumuzi anaishi ndani ya mti mkavu hata kama hana mahindi, na anaweza kukusubiri humo mpaka mavuno yaingie. Chomoa boriti hizo mbili uzichome, kisha gonga gonga zile nyingine kwa nyundo ukiwa umetandaza kitambaa cheupe chini. Penye unga mpya unaoanguka napo kuna mdudu. Makopa yaliyotobolewa yachome pamoja nazo, na magunzi ya mwaka jana yaliyorundikwa nyuma ya jiko usiyasahau, wala mifuko ya zamani ya salfeti, ambayo uichemshe kwa maji au uitupe. Fanya kazi hiyo wiki kadhaa kabla ya kuvuna, wakati nyumba haina nafaka, halafu ziba nyufa za ukuta wa chumba cha kuhifadhia kwa udongo mpya na uuache ukauke vizuri. Mama aanzishe makopa mapya mahali pengine, mbali na mahindi.

Ukimaliza kupukuchua, niandikie hapa unyevu uliopata kwenye kipimo kabla hujafunga mfuko wa kwanza.